Uigaji wa Bates: Papilio dardanus na sura zake za kuazima

Uigaji wa Bates ni hali ya kiumbe asiye na sumu kufanana na mwenye sumu, kiasi kwamba adui aliyewahi kumwonja yule mchungu humkwepa na huyu pia. Umepewa jina la Henry Walter Bates, Mwingereza aliyeueleza mwaka 1862 baada ya miaka 11 ya kukusanya wadudu huko Amazon. Hata hivyo, ukitaka kuuelewa vizuri, mtazame kipepeo wa misitu ya Afrika, Papilio dardanus.

Dume hana utata: manjano iliyofifia, mabaka meusi, na mkia kwenye kila bawa la nyuma. Kitendawili ni jike. Katika sehemu kubwa ya bara hana mikia, na sura yake hutegemea umbo alilorithi. Umbo liitwalo hippocoon, jeusi lenye mabaka mapana meupe, humwiga kipepeo Amauris niavius. Umbo cenea, lenye madoa madogo, linafanana na kipepeo Amauris echeria, na umbo trophonius, la rangi ya machungwa, linafanana na kipepeo Danaus chrysippus. Wanaoigwa wote ni wachungu. Majike hawa walidhaniwa kuwa spishi mbalimbali hadi mwaka 1869, Roland Trimen wa Cape Town alipoonyesha kwamba wote ni wake wa dume yule yule. Madagaska hakuna vituko hivyo. Huko jike ana manjano na mikia kama mumewe.

Kwa nini sura nyingi? Hapa pana hesabu. Ndege hujifunza kwa kuonja: akimdonoa Amauris, humtema na kuzikumbuka rangi zake. Waigaji wakizidi, ndege huyo hupata tonge tamu mara nyingi kuliko chungu, na funzo hufutika. Kwa hiyo umbo hulinda vizuri likiwa adimu kuliko linaloigwa, na kugawanyika katika maumbo kadhaa huwasaidia majike kubaki adimu. Pale wanaoigwa wanapokuwa wachache, ukaguzi wa ndege hulegea na nakala mbovu huponea. Ndiyo maana makusanyo ya zamani ya maeneo ya Nairobi yana majike wengi wenye sura za nusunusu kuliko yale ya Entebbe, ambako wachungu walikuwa tele.

Kipepeo mwenyewe haigi kwa kutaka, ingawa neno “uigaji” hupotosha wengi. Sura hutawaliwa na eneo moja la jeni, lenye jeni iitwayo engrailed. Dume huibeba bila kuionyesha, na mayai ya jike mmoja yanaweza kutoa mabinti wa sura tofauti. Mayai hayo hutagwa moja moja juu ya mimea ya jamii ya mchungwa, kama Clausena na Teclea. Kiwavi akiguswa huchomoza nyuma ya kichwa kiungo chenye panda mbili na harufu kali.

Kuwatofautisha waigaji na wanaoigwa wakiwa wanaruka ni kazi ngumu, na mabawa yaliyochakaa hudanganya. Subiri atue, umtazame kwa ubavu, kisha uhesabu miguu. Amauris na Danaus husimama kwa minne, kwa kuwa jozi ya mbele imedumaa na kukunjwa kifuani. Papilio husimama kwa yote sita, na akinyonya ua mara nyingi huendelea kupigapiga mabawa.