Dawa ya kusukutua haing'arishi jino la kauri
Watu wengi bado wanaamini ukisukutua na ile dawa ya kung'arisha meno basi hata jino la kauri ulilowekewa litakuwa jeupe zaidi, jamani haliwezi. Nyingi ya dawa hizo zina haidrojeni peroksaidi, hiyo inapenya kwenye jino la asili na kuvunjavunja chembe zenye rangi, sasa kauri haina chembe hizo, rangi yake ilichanganywa humo humo ikachomwa kwenye tanuri. Kinachoweza kutoka ni madoa ya juu juu tu, ya chai au sigara. Tena meno ya jirani yakipauka hata kidogo, lile la kauri ndo linaonekana la njano! Kama bado hujawekewa, ng'arisha kwanza, subiri kama wiki 2 rangi itulie, halafu ndo daktari alinganishe rangi ya kauri na ya meno yako.