Hesabu moja kwa moshi na gesi joto: maana ya kukadiria gharama kwa pamoja

Shule nyingi za bweni kati ya Kakamega na Kisumu bado hupikia kuni. Moto unaochemsha uji wa asubuhi hutoa vitu vya aina mbili kwa wakati mmoja. Kuna masizi na chembechembe zisizozidi upana wa maikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu ya wapishi. Na kuna gesi joto, yaani gesi zinazonasa joto angani: kaboni dioksidi, ambayo huzidi kurundikana angani pale miti iliyokatwa isiporudishiwa mingine, pamoja na methani kidogo. Moto ni mmoja, lakini serikalini mambo haya hukaa katika mafaili mawili, moja la hewa safi na afya, jingine la tabianchi. Kila faili lina bajeti yake na wataalamu wake.

Kukadiria gharama kwa pamoja ni kuyafungua mafaili yote mawili kwa mara moja na kuuliza: ni hatua zipi, zikichanganywa, zitafikia malengo yote mawili kwa fedha kidogo kabisa?

Tuchukue mfano, tarakimu zikiwa za kubuni. Kaunti inataka kupunguza tani 100 za masizi na tani 5,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Ofisi ya mazingira inagundua kwamba vichujio kwenye mabomba ya moshi ya viwanda vitamaliza masizi hayo kwa shilingi milioni 20. Ofisi ya tabianchi inagundua kwamba mitambo ya sola itamaliza kaboni kwa milioni 30. Ipo njia ya tatu, kubadilisha majiko ya shule, ambayo kwa milioni 40 hupunguza masizi tani 100 na kaboni tani 5,000. Ofisi ya kwanza inaikataa kwa sababu 40 ni zaidi ya 20. Ya pili nayo inaikataa, kwa kuwa 40 ni zaidi ya 30. Kaunti inaishia kulipa milioni 50 kwa kazi ambayo ingefanyika kwa 40, na wapishi wanaendelea kuvuta moshi. Njia iliyoshindwa mara mbili ndiyo iliyokuwa bora. Hiyo ndiyo sababu ya dhana hii kuwepo.

Kazi hiyo hufanywa na modeli, yaani programu ya kompyuta inayobeba hesabu nyingi kuliko anazoweza mtu kwa kalamu. Msingi wake hauogopeshi. Chukua kiasi cha shughuli, kwa mfano tani za kuni zinazochomwa. Zidisha kwa uchafu unaotoka katika kila tani. Punguza sehemu inayozuiwa na teknolojia iliyopo. Rudia kwa kila chanzo na kila gesi, kisha weka bei ya kila hatua: gharama ya kununua kifaa ikigawanywa kwa miaka ya matumizi pamoja na riba, jumlisha matengenezo, toa mafuta yaliyookolewa. Mwisho kompyuta hutafuta mchanganyiko wa bei ya chini.

Modeli inayojulikana zaidi ni GAINS, ya taasisi ya kimataifa ya utafiti, IIASA, iliyoko Laxenburg, Austria. Ilitokana na RAINS, iliyoundwa miaka ya 1980 kwa ajili ya mvua ya asidi huko Ulaya na kutumika katika mazungumzo ya mkataba wa salfa wa Oslo wa 1994. Baadaye gesi joto zikaongezwa. Ripoti ya 2011 ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira (UNEP) na ya hali ya hewa (WMO) iliitumia GAINS kuchagua hatua 16 dhidi ya masizi na methani, majiko bora yakiwamo, na ikakadiria kwamba zikitekelezwa duniani kote zingepunguza ongezeko la joto kwa takriban nusu digrii kufikia 2050.

Lakini si kila hatua husaidia pande zote, na hapa ndipo hesabu ya pamoja inapohitajika zaidi. Fikiria jaa la taka la Gioto, Nakuru. Taka zikichomwa, moshi huingia katika nyumba za jirani. Zikizikwa vizuri moshi huisha, lakini taka za chakula huozea mahali pasipo na hewa na kutoa methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule, na kwa miaka 20 takriban mara 80. Anayehesabu moshi tu atapongeza kuzika. Anayehesabu vyote ataongeza gharama ya kunasa gesi, au atatenga taka za chakula zikawe mbolea kabla hazijafika jaani. Hata uamuzi wa kutumia miaka 20 au 100 waweza kubadilisha jibu, kwa hiyo msomaji wa ripoti yoyote ya aina hii aanze kwa kuuliza swali hilo.

Uingereza ilipitia kinyume chake. Kuanzia 2001 ilitoza kodi ya magari kulingana na kaboni dioksidi. Magari ya dizeli, yanayotoa gesi hiyo pungufu kwa kilomita, yakaongezeka sana, na miji ikabaki na oksidi nyingi za naitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu.

Kuna jambo moja ambalo modeli hizi huliacha nje kwa makusudi, na kwetu lina uzito mkubwa. Kwa kawaida kodi hazihesabiwi, kwa kuwa ni fedha zinazohama mfuko mmoja kwenda mwingine ndani ya nchi ileile. Kwa taifa hoja hiyo ni sahihi. Kwa mama anayeuza samaki wa kukaanga Kondele, Kisumu, VAT ya asilimia 16 iliyorudishwa kwenye gesi ya kupikia Julai 2021 ilitosha kumrudisha kwenye makaa. Muda wa kutafuta kuni vijijini nao mara nyingi huandikwa sifuri, ilhali ni saa za wanawake na wasichana. Modeli inayotumika Kisumu au Kakamega iwe na safu mbili za bei, ya taifa na ya nyumbani, na pale zinapopishana ndipo ruzuku ielekezwe.