Betri kwenye Sola ya Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Wenye nyumba wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe waliokwisha kufunga paneli juu ya bati, huku mita ya LUKU ikiendelea kufanya kazi ukutani, hufikia swali moja: je, waongeze betri? Swali hilo ni la mamilioni ya shilingi, na kwa maoni yangu hujibiwa vibaya mara nyingi kwa sababu watu hununua betri ili waokoe fedha, ilhali kazi yake hasa ni kuwapa umeme katika saa ambazo jua limezama au gridi imekatika.

Dhana: betri itarudisha gharama zake kwa kupunguza LUKU

Hilo hutegemea kundi la bei ulilomo. Kwa bei zilizotumika kwa miaka mingi, mteja mdogo wa majumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi (uniti moja ni kilowati-saa moja) hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Hata kama angeacha kabisa kununua umeme, mteja huyo angeokoa shilingi 7,500 kwa mwezi, yaani 90,000 kwa mwaka, kiasi kisichoweza kulipia betri yoyote ya maana kabla haijachoka. Mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida yanayozidi hapo, anayelipa shilingi 292 kwa uniti, ana hesabu nyingine: betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5, ikitoa uniti 4 kila usiku, humwepusha kununua uniti 1,460 kwa mwaka, zenye thamani ya shilingi 426,000 hivi. Tuseme betri hiyo imegharimu milioni 3. Itajilipa baada ya miaka saba, au mapema kidogo kodi na tozo zikihesabiwa, na hapo tumechukulia kwamba inajaa kila siku, jambo lisilotegemewa kati ya Novemba na Aprili mawingu yanapotanda.

Dhana: paneli zipo, kwa hiyo umeme ukikatika mchana nitaendelea kuwa nao

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ikiunganishwa na gridi pasipo betri hujizima yenyewe mara gridi inapokatika, hata kama jua la saa sita linawaka. Imeundwa hivyo kwa makusudi, ili umeme wa nyumbani kwako usiende kwenye waya anaoushika fundi aliye juu ya nguzo. Hapa ndipo betri, ikiwa pamoja na inveta mseto (inayoweza kutumia paneli, betri na gridi kwa pamoja), inapokuwa na thamani ya kweli: kwa mwenye friji ya dawa au chanjo, kwa mfugaji wa vifaranga, kwa anayefanya kazi kwa kompyuta nyumbani, saa chache za giza zinaweza kugharimu zaidi ya LUKU ya miezi mingi. Asiye na hasara ya namna hiyo, na ambaye mtaani kwake umeme hukatika kwa nadra, ana haki ya kusubiri.

Dhana: namba iliyoandikwa kwenye betri ndiyo umeme utakaoupata

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina takriban kilowati-saa 2.4 kwa karatasi, lakini ukitaka idumu hupaswi kutumia zaidi ya nusu yake, hivyo inabaki uniti 1.2: taa, televisheni na chaja za simu kwa jioni nzima, wala si zaidi ya hapo. Lithiamu huruhusu asilimia 80 au zaidi, tena huvumilia kuchajiwa na kutumiwa maelfu ya mara, wakati ya asidi huchoka baada ya mamia. Betri ya gari haifai kabisa, kwa kuwa imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini.

Katika baridi yetu ya Juni na Julai, kishawishi kikubwa ni hita ya kuogea inayochemsha maji papo hapo. Kifaa hicho hula kilowati 3 hadi 5, mzigo ambao inveta nyingi za nyumbani hazibebi. Ni afadhali kuweka mtambo wa kuchemsha maji kwa jua, na pampu ya kisima ifanye kazi mchana ijaze simtanki, bila kuihusisha betri.

Dhana: betri nyingi zaidi ndiyo usalama zaidi

Betri isiyojaa haina faida, na ya asidi ikikaa wiki nyingi bila kujaa huharibika. Mkazi wa Tukuyu, kwenye mvua na ukungu mwingi, asinakili hesabu ya jamaa yake wa Iringa mjini. Pengine atahitaji kwanza paneli za ziada.

Kuhusu baridi, huogopwa kupita kiasi. Paneli hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa za baridi. Betri ya asidi hupungukiwa uwezo kiasi, na lithiamu haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo kule Makete, kwenye umande wa barafu, iwekwe ndani ya nyumba.

Dhana: nitaanza na moja, nyingine nitaongeza polepole

Kwa betri za asidi, mpya ikiunganishwa na iliyochakaa huvutwa na kuchakaa nayo. Lithiamu za aina moja huweza kuongezwa ikiwa mtengenezaji ameruhusu, na kwa sababu hiyo mwenye fedha kidogo leo afadhali anunue lithiamu moja ndogo kuliko nne za asidi.