Kyiv au Kiev: jina la mji mkuu wa Ukraine katika Kiingereza

Aliyetazama fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya tarehe 26 Mei 2018, ile ambayo Mohamed Salah alitoka uwanjani akilia kwa maumivu ya bega na Real Madrid ikaifunga Liverpool 3-1, aliliona jina la mji katika nembo ya fainali yenyewe: Kyiv. Wakati huohuo magazeti mengi ya Kiingereza yaliandika kwamba mchezo huo ulichezwa Kiev. Mji ni mmoja, na hakuna kati ya tahajia hizo mbili iliyozaliwa na kosa la uchapaji. Kinachozitofautisha ni lugha ambayo kila moja iliipitia kabla ya kuingia katika Kiingereza.

Kiev ni jina lililochukuliwa kutoka Kirusi, lugha ya dola iliyoutawala mji huo kwa muda mrefu, ambapo huandikwa Киев. Kyiv limechukuliwa moja kwa moja kutoka Kiukreni, ambapo huandikwa Київ, na kila herufi imehamishiwa katika alfabeti ya Kilatini kwa kanuni rasmi ya Ukraine. Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili hujikwaa, kwa sababu kwetu y ni konsonanti daima, kama katika yai au vyombo, naye hutaka kuisoma Kyiv kama silabi moja. Katika jina hili y ni irabu: inasimama badala ya herufi и ya Kiukreni, yenye sauti iliyo kati ya i na e zetu, nayo i inayoifuata ni silabi ya pili. Waukreni hutamka kitu kinachokaribia Kiyiu, mkazo ukiwa mwanzoni, ilhali Warusi hutamka jina lao kama Kiyef. Msemaji wa Kiingereza anayesema Ki-iv, kwa mkazo wa silabi ya kwanza, hajafika kwa wenyeji kabisa, lakini anaeleweka na anakubalika.

Wataalamu wa majina ya mahali hutenganisha jina la wenyeji, yaani lile linalotumiwa na watu wa mahali penyewe, na jina la nje, ambalo lugha nyingine imelizoea. Jina la nje si kosa kwa sababu tu ni la nje. Sisi husema Maskati na Kairo bila kumkera yeyote, Kiingereza huandika Rome pale Waitaliano wanapoandika Roma, na mtu akiandika Roma katikati ya sentensi ya Kiingereza ndiye atakayeonekana amekosea. Kwa hiyo hoja kwamba kila mji uitwe kama wenyeji wanavyouita haitoshi kueleza kwa nini Kyiv imeshinda. Linalouweka mji huu kando ni kwamba jina lake la Kiingereza lilitokana na lugha ya mtawala wa zamani, na nchi yenyewe, baada ya kupata uhuru mwaka 1991, iliomba waziwazi jina hilo libadilishwe. Italia haijawahi kuomba hivyo.

Ukraine iliiteua tahajia ya Kyiv kuwa rasmi mwaka 1995, na kwa zaidi ya miaka ishirini wengi nje ya nchi hawakuitilia maanani. Wizara yake ya mambo ya nje ilianzisha kampeni mwaka 2018. Mwaka uliofuata bodi ya Marekani inayosimamia majina ya kijiografia iliacha kuitambua Kiev, na shirika la habari la Associated Press, BBC na gazeti la New York Times yakahamia Kyiv. Vita vya 2022 viliikuta kazi hiyo ya tahajia imeshafanyika, ingawa wasomaji wengi hudhani kuwa ndivyo vilivyoileta.

Kwa anayeandika Kiingereza leo, basi, mji wa sasa ni Kyiv, na tahajia hiyo ishikwe kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Makosa mabaya zaidi, kwa maoni yangu, hutoka kwa mwandishi anayeiamuru kompyuta ibadilishe kila Kiev kuwa Kyiv kwa mkupuo mmoja, kuliko kwa yule aliyebaki na tahajia ya zamani. Amri hiyo hugusa maneno yaliyonukuliwa kutoka barua ya mwaka 1920, hugusa anwani za vitabu vilivyochapwa zamani, na humtwisha marehemu tahajia ambayo hakuwahi kuiandika. Nukuu na anwani ziachwe zilivyo. Hata kile chakula cha kuku aliyejazwa siagi na kukaangwa, Associated Press ilipobadili jina la mji mwaka 2019 ilikiacha kiendelee kuitwa kwa tahajia ya Kiev.

Jina la taasisi nalo hufuata matakwa ya taasisi yenyewe. Mji mkuu wa China huandikwa Beijing katika Kiingereza cha leo, lakini chuo kikuu chake mashuhuri bado hujiita kwa Kiingereza Peking University, na msimbo wa uwanja wake wa ndege wa Capital, unaobandikwa kwenye mizigo ya abiria, ni PEK. Anayekisahihisha chuo hicho kuwa cha Beijing atakuwa amekipa jina ambalo wenyewe hawakulichagua.