Picha ya nyuklia haizimi betri ya moyo

Barazani Ngamiani, mzee mmoja mwenye betri ya moyo, kile kifaa kidogo kinachopandikizwa mwilini kuongoza mapigo ya moyo, aliambiwa, "Usikubali kipimo cha nyuklia, baba, kitaizima." Si kweli. Kipimo hicho, kiitwacho PET, hutafuta maambukizi kwenye betri na waya zake zinazoingia moyoni, na hofu hiyo huweza kumchelewesha mtu mpaka vijidudu vikaingia kwenye damu.

Kinachochanganywa hapo ni MRI, kipimo kingine cha picha chenye sumaku kali. Hiyo kweli inataka tahadhari. PET haina sumaku. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari iliyotiwa florini-18, chembe zinazotoa mionzi. Seli nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu hula sukari kwa pupa, basi palipoambukizwa hung'aa pichani hata kama ngozi inaonekana nzima. Mionzi yenyewe hupungua kwa nusu kila dakika 110.

Kazi kubwa, naona, iko jikoni. Misuli ya moyo nayo hula sukari, na ikiwaka huficha ugonjwa. Ndiyo maana kabla ya kipimo wali, ugali, mihogo na chai ya sukari huwekwa kando, kisha mtu hufunga.

Betri iliyowekwa majuzi huweza kung'aa kwa kuwa kidonda bado kinapona, na maambukizi madogo kwenye waya huweza yasionekane. Kwa hiyo daktari huagiza pia damu ioteshwe maabara kuona kama ina vijidudu, na moyo upimwe kwa altrasaundi.