Yanayosemwa kuhusu kocha aliyecheza wawili wawili, na yaliyo kweli

Mzazi akimleta mtoto kwangu kujifunza mpira wa vinyoya hapa Kisumu, swali lake la kwanza huwa: "Wewe ulicheza nini?" Nikimwambia kwamba miaka yangu yote ya kushindana nilicheza wawili wawili, namwona uso unabadilika. Juzi mama mmoja alinipa waziwazi: "Kocha, mimi nataka wangu acheze peke yake. Huko kwingine wapeleke wale wazito." Sikumkasirikia. Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa kijana, na kwa kuwa ndiyo kazi ninayoipenda na inayonilisha, naona afadhali niyajibu mara moja.

Linaloniuma kuliko yote ni hili, kwamba wawili wawili ni kimbilio la walioshindwa kucheza mmoja mmoja.

Si kweli. Olimpiki ina mashindano 5 ya mchezo huu, na 3 kati yake ni ya wawili wawili: wanaume, wanawake na mchanganyiko. Huo mchanganyiko uliongezwa Atlanta mwaka 1996. Mengine yote yalianza Barcelona mwaka 1992. Tena ufundi wake ni wa aina nyingine kabisa. Uwanja unapanuka kutoka mita 5.18 hadi 6.1, lakini eneo la kuangushia sevu, yaani pigo la kuanzisha, linakatwa sentimita 76 kwa nyuma. Kwa hiyo ile sevu ndefu ya juu, ya kumpeleka mpinzani nyuma huku wewe ukivuta pumzi, haipo. Mara nyingi inabidi uanzishe kifupi, kinyoya kikiwa chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni unapokipiga, kipite juu ya wavu kama kinachotaka kuulamba ule utepe mweupe. Upande wa pili mtu amesimama mguu mbele, raketi juu, anangoja kiinuke kidogo tu akushindilie.

Mimi na mwenzangu tulinunua mshipi wa samaki kwa wavuvi wa Dunga, tukaufunga kwenye milingoti, shibiri moja juu ya wavu. Kinyoya kilipaswa kupita kati ya mshipi na utepe. Jioni nyingi hatukufanya kingine chochote, sevu tu, hadi mkono ukaacha kutetemeka. Aliyepitia hayo hawezi kuambiwa kwamba alicheza mchezo mwepesi.

Vijana nao wana dhana yao, ya smashi, lile pigo la kushindilia kwa nguvu kutoka juu. Wameona kwenye simu kwamba Satwiksairaj Rankireddy wa India alipiga kinyoya kwa kasi ya kilomita 565 kwa saa, basi kila mmoja anataka kuvunja raketi. Rekodi ni ya kweli, ilipimwa Japani Aprili 2023. Ila ilipimwa kiwandani, si katika mechi, na ni kasi ya kinyoya kikiondoka tu kwenye nyuzi. Manyoya yale 16 yanashika hewa kama mwavuli, hivyo kikifika kwa mpinzani kimeshapoteza sehemu kubwa ya kasi yake. Jambo ambalo vijana hawalitaji ni kwamba huyo Rankireddy mwenyewe ni mchezaji wa wawili wawili. Akishindilia kutoka nyuma, mwenzake Chirag Shetty yuko mbele karibu na wavu, anasubiri kile kitakachorudi kilegevu. Alama nyingi hupatikana kwa pigo hilo la pili.

"Haya, lakini aliyecheza wawili hawezi kufundisha mmoja mmoja." Hapa huwa nawataja watu.

Park Joo-bong wa Korea Kusini alitwaa dhahabu ya Barcelona 1992 pamoja na Kim Moon-soo. Mwaka 2004 akawa kocha wa timu ya Japani, nchi ambayo wakati huo haikuogopwa na wakubwa wa mchezo huu. Akiwa kocha mkuu, Japani ilishinda Kombe la Thomas, ubingwa wa dunia wa timu za wanaume, mwaka 2014. Miaka miwili baadaye, Olimpiki ya Rio, Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi walikuwa nyuma 16 kwa 19 katika seti ya mwisho ya fainali dhidi ya Denmark. Wakachukua alama tano mfululizo, 21 kwa 19, ikawa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Japani katika mchezo huu. Sasa angalia wa mmoja mmoja wa timu hiyohiyo: Nozomi Okuhara bingwa wa dunia 2017, Kento Momota 2018 na tena 2019. Sisemi Park aliwafundisha wote peke yake, kocha mkuu ana wasaidizi. Lakini nyumba ilikuwa yake. Na Rexy Mainaky wa Indonesia, aliyewafunga Wamalaysia katika fainali ya wawili wawili ya Atlanta 1996 akiwa na Ricky Subagja, baadaye aliajiriwa na Malaysia hiyohiyo kuwafundisha vijana wao. Waliofungwa ndio waliojua thamani yake.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao haunifurahishi kuusema: watu hudhani aliyecheza vizuri atafundisha vizuri, kana kwamba ukitundika raketi ya mashindano leo, kesho umeshakuwa kocha. Mimi nilidhani hivyo, na miezi yangu ya kwanza niliwaumiza watoto.

Kazi kubwa ya kocha wa vinyoya ni kulisha. Unasimama upande wa pili wa wavu na rundo la vinyoya mkononi, unampigia mtoto kimoja baada ya kingine, mbele, nyuma, kushoto, bila kumpa nafasi ya kuwaza sana. Mkono wangu ulikuwa umefunzwa miaka mingi kupeleka kinyoya pale ambapo mtu hafiki. Nilipoanza kulisha, ulifanya ulichozoea. Watoto walikimbia, wakakosa, wakainamisha vichwa. Binti mmoja wa miaka kumi aliniuliza, "Kocha, unataka tushinde au unataka utushinde?" Usiku ule sikulala vizuri. Ilinibidi nijifunze upya kukipeleka nusu hatua tu zaidi ya pale anapofika leo, ili akinyoosha mkono akipate. Hapo ndipo uwanja wa wawili ulinisaidia, kwa sababu kwa miaka yote ile jicho langu moja lilikuwa kwa mwenzangu: bega lake limeelekea wapi, amechoka mguu gani, ataweza kurudi katikati au nimzibie. Kumtazama mtoto ni kazi ileile. Lakini mkono ulihitaji mwaka mzima.

Mambo madogo niyapitie haraka. Wawili hawapigi kwa zamu kama katika tenisi ya meza. Baada ya sevu kupokewa, yeyote anaweza kupiga, hata mara tano mfululizo. Na wazee wetu wanaoniuliza nani ana "sevu ya pili" wanakumbuka sheria ya zamani. Tangu 2006 kila upande una sevu moja tu, na kila kinyoya kikianguka kuna anayepata alama, awe ndiye aliyeanzisha au la, mpaka 21.

Halafu hili la vinyoya, ambalo hata walimu wa michezo hawaliamini mpaka walione: kwamba kinyoya ni kinyoya, kitacheza sawa popote.

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Hewa ya Nakuru ni nyepesi zaidi, kinyoya hakipati cha kukizuia, kinakwenda mbali. Safari yetu ya kwanza huko tulibeba mikebe ya vinyoya tuliyoizoea, na asubuhi nzima watoto wakawa wanapiga nje, wakilaumiana. Hawakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Mikebe ya manyoya huandikwa namba, 75, 76, 77 na kuendelea. Namba ikipanda, kinyoya kinakwenda mbali zaidi, kwa hiyo ukipanda mlima unashuka namba. Kwa vile vya nailoni tazama ukanda: kijani ni polepole, buluu ni wastani, nyekundu ni kasi. Kipimo chake hakihitaji mashine. Simama kwenye mstari wa nyuma, piga kwa nguvu zote kutoka chini, kinyoya kiende juu na mbele. Kikianguka kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili, kinafaa. Hapa nyumbani tunapima asubuhi, kwa sababu tukiwa nje alasiri upepo wa ziwa hauna adabu.

La mwisho ni la wazazi wanaoniuliza kwa nini nimekaa kimya kwenye kiti watoto wakifungwa. Kocha haruhusiwi kusema kinyoya kikiwa hewani. Nafasi yangu kubwa ni sekunde 60 upande mmoja ukifikisha alama 11, na sekunde 120 kati ya seti.

Siku ile Nakuru mabinti zangu wawili walifika mapumziko wakiwa nyuma, 7 kwa 11. Mara mbili kinyoya kilikuwa kimeanguka katikati yao, kila mmoja akimwachia mwenzake. Walikuja wamenuna, hawatazamani. Sikutaja raketi wala miguu. Niliwaambia, "Nyinyi mmenyamaza tangu alama ya nne. Semezaneni." Wakanywa maji, wakarudi. Kinyoya cha kwanza kikapaa juu, kikashuka katikati kabisa, na kutoka nyuma nikasikia sauti: "Yangu!"