Je, wajua mazoezi hayakwangui mafuta kwenye mishipa?

Kaa na watu wanaokimbia alfajiri, hukosi kusikia kwamba moyo ukienda mbio damu hupita kwa nguvu na kusomba mafuta yaliyoganda kwenye mishipa. Maelezo haya yanaingia akilini haraka, ila si kweli. Mafuta yanayoziba ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) hayakupakwa juu ya ukuta wake. Yamo ndani ya ukuta wenyewe, chini ya utando mwembamba unaogusana na damu, yamechanganyika na seli za kinga, makovu na kalsiamu. Damu inayopita haiyafikii, sembuse kuyasomba. Tena picha za CT (eksirei za kompyuta) za wanaume waliokimbia mbio ndefu kwa miaka mingi zimewahi kuonyesha kalsiamu nyingi zaidi kwenye ateri za moyo kuliko za wenzao wasiojituma hivyo. (Inadhaniwa kwamba mabaka magumu ya aina hiyo hayapasuki kwa urahisi, ingawa mjadala bado upo.) Kama mazoezi yangekuwa yanakwangua, hao ndio wangekuwa na mishipa misafi kuliko wote.

Basi kwa nini mishipa ya mzee mwenye mazoezi hutanuka karibu kama ya kijana? Kazi iko kwenye ule utando wa ndani, ambao unene wake ni seli moja tu. Kwa muda mrefu ulichukuliwa kuwa kizuizi kisicho na kazi nyingine. Mwaka 1980, Robert Furchgott wa New York alionyesha kwamba kipande cha mshipa wa sungura hulegea kikitiwa kemikali iitwayo asetilikolini, lakini utando ukisuguliwa ukatoka, hakilegei tena. Kumbe utando unatoa kitu. Kitu hicho kiligundulika kuwa gesi, oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel.

Utando unajuaje wakati wa kutoa gesi? Fikiria mwani kwenye mkondo wa bahari. Maji yakitulia, umesimama. Yakienda kasi, unalala na kuvuta shina lake. Seli za utando nazo zimeota vinyweleo vya sukari na protini. Damu ikikaza mwendo, vinyweleo hulala, seli huhisi mvuto huo na kutoa gesi, misuli ya ukuta inalegea, mshipa unatanuka. Mkondo wa namna hiyo ukirudiwa wiki baada ya wiki, seli huongeza kimeng'enya kinachotengeneza gesi yenyewe.

Uzee huharibu mambo kwa njia ya hila: chembe haribifu za oksijeni huimaliza gesi kabla haijafika kwenye misuli. Wanaume wazee wasio na mazoezi walipotiwa vitamini C nyingi kwa dripu, mishipa yao ilitanuka vizuri tena. Wazee wenye mazoezi haikuwaongezea chochote. Hapakuwa na cha kurekebisha. Vidonge vya vitamini hiyo hiyo, vilivyomezwa kwa mwezi mzima, havikusaidia, kwa hiyo usikimbilie machungwa.

Kilicho cha ajabu zaidi ni mahali faida inapotokea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka Colorado, Marekani, wanaume 13 wa makamo na wazee, ambao hawakuwa na mazoezi, walifanya mazoezi kwa miezi 3, hasa kutembea. Kilichopimwa ni mkono. Uwezo wa mishipa ya mkono kutanuka kwa asetilikolini uliongezeka kwa takriban asilimia 30, ilhali kazi ilifanywa na miguu: damu ikikaza mwendo, huupitia mwili mzima.

Ila wote hao ni wanaume. Kwa wanawake waliokoma hedhi, kutembea kwa kasi kwa wiki kadhaa hakukuleta badiliko kama hilo kwenye utanukaji wa mishipa, isipokuwa kwa waliopewa estrojeni pia. Inaelekea utando unaihitaji homoni hiyo ili uitikie mkondo. Presha na sukari ni hesabu nyingine, na huko mazoezi huwasaidia hata wao.